Ubao wa Theluji Uliochaguliwa Butiama

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Cherehani yangu iko sebuleni, mtaa wa Kitaji, mlango uko wazi, wateja wanaingia wenyewe, na chupa ya chai naifikia bila kuinuka. Mtu akiniambia twende Bunda mara moja tu tunarudi, mgongo unaanza kuniuma hapo hapo. Kwa hiyo ieleweke kwamba siku niliyotoka Kitaji kwenda Butiama na mbao mbili za theluji kwapani, sikutoka kwa kupenda.

Mbao zenyewe zilikuwa za karatasi. Nitaeleza.

Mdogo wangu wa kike, anayenifuata, yuko Uswisi. Anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, kwenye mji ulio chini ya milima. Yeye ndiye aliyepewa miguu ya familia nzima. Mimi nilipewa makalio ya kukalia. Tulipokuwa watoto Butiama, nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa lenye mgongo laini, na yeye alikuwa akiteleza juu yake kwa kipande cha dumu mpaka sketi za shule zikaisha upande wa nyuma. Viraka nilishona mimi, mama asijue. Fundi ninayeitwa leo alianzia hapo.

Huko Uswisi wenzake wa kazini walimpeleka mlimani, wakamfunga ubao miguuni, wakamwachia. Mwaka wote wa kwanza alianguka. Mwaka wa pili alianguka kidogo. Halafu akawaona watu wa aina nyingine: wanapanda ubao mrefu mwembamba, wamevaa buti ngumu kama zimemwagiwa zege, na wakifika kwenye kona hawabururi ubao kama wengine. Wanaulaza upande, mwili nao unalala, mkono unakaribia kupapasa theluji, na nyuma yao unabaki mstari mmoja mwembamba. Alinitumia video ya mstari huo. Niliitazama nikasimamisha cherehani. Ulikuwa mstari wa chaki iliyochongwa vizuri, uliopigwa na mtu asiyetetemeka mkono.

Tangu siku hiyo nimetazama watu wakikata kona kwenye theluji kuliko mtu yeyote mkoani Mara. Sijisifu; washindani ni wachache. Baridi kali kuliko zote niliyowahi kukutana nayo ni ya friji ya soda pale madukani Mukendo.

Basi mdogo wangu akataka ubao wake mwenyewe. Mzee mmoja wa mji ule alikuwa anauza mbao zake mbili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, akamwambia achague kabla ya Jumapili. Akanitumia picha na vipimo. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu mama alikuwa ameshasikia.

Kwetu kitu cha kufanyia kazi hakinunuliwi na mtu mmoja. Ng'ombe, plau, hata mashine ya kupukuchulia mahindi, watu wanakaa kwanza. Mama hakuona kwa nini ubao uwe tofauti. Tena alikuwa na lake moyoni, na hakulificha.

"Mtu akinunua plau," aliniambia kwenye simu, "ameshaamua atalima wapi. Miaka minne anasema anarudi, anarudi. Sasa ananunua kitu ambacho huku hakina pa kupita. Hapo kuna kurudi?"

Nilimpelekea mdogo wangu maneno hayo.

"Kaka, mama akikataa sinunui," akasema. "Siwezi kushuka mlima nikijua amenuna. Nitavunjika."

"Mweleze mwenyewe."

"Nimeeleza. Amesema mkae, na mjomba aitwe kutoka Bunda. Na uende wewe, kwa mguu wako, si kwa simu."

Kwa mguu wangu. Familia hii inajua pa kunipiga.

Usiku sikulala kwa kuwaza nitawaonyeshaje watu wawili wa Butiama na Bunda kitu ambacho hata mimi sijakigusa. Asubuhi nikaamka na akili ya fundi. Nguo usiyonayo unaikata kwanza kwenye karatasi. Nikaenda Mukendo, nikanunua karatasi ya kaki ile ya kukatia michoro, nikaitandaza sakafuni, nikachukua futi na chaki. Nikagundua jambo ambalo picha hazikunionyesha: ubao una kiuno. Mbele mpana, katikati mwembamba kuliko shubiri yangu, nyuma mpana tena. Laiti ningejua mapema, ningeuheshimu zamani.

Mama mmoja aliyefuata sare za watoto wake alinikuta nimepiga magoti nakata.

"Fundi, hii suruali ya nani?"

"Ya mamba."

"Mguu mmoja?"

"Mwingine ataleta wiki ijayo."

Butiama nilifika nikakuta mjomba ameshakaa uani, fimbo mapajani. Mjomba ni kaka yake mama. Analima pamba Bunda, na kwa jicho la kununua maksai hana mpinzani. Watu humchukua mnadani kama wengine wanavyomchukua wakili. Mama alikuwa ametoa stuli ya kuwekea simu. Mdogo wangu akatokea kwenye kioo amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba. Salamu zilipoisha nikatandaza karatasi zangu mbili chini, nikazibana kwa mawe upepo usizichukue.

Mjomba aliinuka, akazizunguka mara ya kwanza, akazizunguka mara ya pili, akainama, akaupima mrefu kwa fimbo yake. Halafu akatoa hukumu.

"Wanafaa. Huyu mrefu mfunge kulia, atembee kwenye mtaro. Mfupi abaki kushoto."

"Mjomba, anachagua mmoja."

"Mmoja?" Alinitazama kwa huruma. "Maksai mmoja atalima nini, mjomba?"

"Si wa kulima. Anapanda juu yake."

"Sawa, anapanda. Mguu wa kulia kwa mrefu. Wa kushoto unautupa wapi?"

Nilikuwa natafuta jibu, mdogo wangu akaniwahi kutoka kwenye stuli.

"Miguu yote inakaa kwa ubao mmoja, mjomba. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Halafu inafungwa."

Mama alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Mikono ikasimama.

"Inafungwa na nani?"

"Nafunga mwenyewe, mama."

"Miguu yote miwili?"

"Ndiyo."

"Juu ya mlima?"

"Juu ya mlima, mama."

Mama akanigeukia mimi, kana kwamba kamba ilikuwa mkononi mwangu.

Mjomba alikubali kwa shida kwamba ni mmoja tu atakayechaguliwa, lakini hakuacha kazi yake. Akasogeza kiti karibu na simu, akaanza kuuliza kama anavyouliza mnadani. Mwenyewe anauza kwa nini? Magoti yamechoka, mdogo wangu akajibu, ana miaka mingi. Ulishawahi kumuumiza mtu? Hapana. Unalazwa ndani au nje? Ndani, mjomba. Mjomba akatikisa kichwa akiridhika.

"Meno?"

Niliona aibu kwa niaba yake. Mdogo wangu hakuona. Alisogeza simu kwenye picha ya ubao, akaonyesha pembeni, ukingo wa chuma unaozunguka kuanzia mbele mpaka nyuma. Huo ndio unaouma theluji, akasema. Bila huo unateleza tu kama gunia.

"Umelika?"

"Kidogo kwa mrefu. Mfupi bado makali."

"Basi mfupi ana meno," mjomba akasema, akanitazama kunionyesha jinsi kazi inavyofanyika.

Zamu yangu ilifika. Nilitaka waelewe ule mkato wa kiuno, maana ndio unaoamua kona. Ukiufuata ule mkunjo wa pembeni ukauendeleza, unapata duara. Ubao ukilala, unapita kwenye duara lake wenyewe, hutaki unataka. Nilianza kueleza nusu kipenyo, na macho ya mama yakarudi kwenye dagaa. Nikaacha maneno. Nikaomba kamba ya kufungia ndama, nikaunganisha na nyingine, nikachomeka kigingi katikati ya ua kama tunavyochora zizi.

Duara la ubao mfupi lilikaa vizuri. Lilipita mlango wa jiko, likagusa ghala, likarudi. Kwa duara la mrefu nilimpa mjomba ncha ya kamba nikamwambia arudi nyuma mpaka ikaze. Alirudi. Akapita jiko. Akapita migomba. Akaingia kwenye muhogo, tukawa tunaona kofia tu.

"Bado?" akauliza kutoka humo.

"Bado, mjomba."

"Niko kwa jirani."

"Ndipo unapogeukia huo mrefu."

Mama akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu habari ya ubao ianze. Mdogo wangu naye akacheka, na kwenye simu tukaona dari ya chumba chake, kisha kofia, kisha sura. Alieleza mwenyewe, akihema: mrefu ni wa mashindano, wa watu wazito wanaotaka kasi, unahitaji mlima mpana usio na watu. Mfupi ni laini zaidi, unageuka karibu, unamsamehe anayejifunza. Mimi niliongeza vipimo viwili vitatu ili safari yangu isionekane ya bure.

"Basi mfupi," mjomba akasema akitoka kwenye muhogo na majani begani. "Imekwisha."

Lakini haikuwa imekwisha, na wote tulijua. Kuchagua kati ya mbao mbili kulikuwa rahisi. Aliyekuwa hajasema ni mama, na ndiye aliyengojwa. Mdogo wangu alikuwa amevua kofia.

Mama alimaliza fungu la dagaa alilokuwa nalo. Akapuliza magamba.

"Hiyo theluji," akasema, "iko hapo siku zote?"

"Hapana, mama. Inayeyuka."

"Inayeyuka inaenda wapi?"

"Inakuwa maji, inashuka mtoni. Mwezi wa nne hivi inabaki juu kabisa tu. Halafu majani yanaota, wanaleta ng'ombe."

"Ng'ombe?" Mjomba akainua kichwa.

"Ng'ombe, mjomba. Wenye kengele."

"Subiri na kengele zako," mama akasema. "Theluji inaisha?"

"Inaisha, mama. Kila mwaka."

Mama alinigeukia taratibu. "Wewe. Unakaaga na hiyo simu kila jioni unatazama theluji. Hukuona inaisha?"

Kweli sikuwahi kuona. Hakuna anayerekodi video ya ubao uko stoo. Nilisema hivyo, haikunisaidia.

"Kumbe ni msimu," mjomba akasema. "Kama pamba."

"Miaka minne," mama akasema, "nalala nikijua mwanangu yuko kwenye barafu isiyoisha. Sasa naambiwa ni msimu." Akasogeza ungo pembeni, akaivuta stuli mpaka simu ikawa mbele ya uso wake. "Ikiisha, huo ubao unafanya nini?"

"Unapakwa nta, mama. Unawekwa stoo."

"Na mwenye ubao?"

Mdogo wangu akaikunja kofia mikononi.

"Mwenye ubao yupo tu, mama. Anaendaga kazini."

"Mtu wa pamba akishauza pamba yake, anakaa tu shambani anatazama miti?"

"Hapana," mjomba akajibu, ingawa hakuulizwa. "Anaendaga kusalimia kwao."

"Mimi sikatai mtu kulima," mama akasema. "Nilidhani huko hakuna kiangazi. Chukua huo mfupi. Funga hiyo miguu yako, teleza, usije ukaniambia umeanguka mara ngapi. Theluji ikiisha, uweke ubao stoo, uje."

Mdogo wangu alijaribu kusema kuhusu likizo, kwamba inaombwa mapema, kwamba wenzake nao wanaitaka miezi hiyo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kaombe," akasema. "Ubao nimekuruhusu mimi. Likizo wakuruhusu wao. Wakikataa niite, mjomba wako atakaa nao."

Mjomba akarekebisha kofia, tayari. Mdogo wangu alikuwa anacheka na kufuta macho kwa ile kofia ya sufu, akasema ataomba kesho yake asubuhi kabla hajavua koti. Aliomba kweli. Ubao aliununua Jumamosi, siku moja kabla mzee yule hajachoka kungoja.

Theluji iliisha mwezi wa nne, likizo ikatoka mwezi wa sita. Katikati ya miezi hiyo mama alikuwa akinipigia kuuliza kama kule kwenye video zangu bado kuna weupe, nami nikawa naona aibu kusema kwamba watu wale huweka video za zamani mwaka mzima.

Alifika Butiama mchana, amenenepa mapaja, anatembea kama mtu mwenye springi. Mama hakumkumbatia kwanza. Alimshika mabega, akamgeuza huku, akamgeuza huku, akainua pindo la gauni, akaona kovu chini ya goti la kushoto.

"Hili?"

"Nilichelewa kugeuka, mama."

"Na kwa ule mrefu ungekuwaje?"

"Ningekuwa bado naenda," mdogo wangu akasema, na mama akamvuta kifuani na begi lake likiwa bado mgongoni.