Dahi wa Matenga na Timu ya Mgongo wa Fimbo

Mimi ndiye niliyemwoza Dahi dada yangu, kwa hiyo timu ya hoki ya kijiji chetu, Barakat, ukiifuata hadi kwenye mzizi, ni yangu. Dahi mwenyewe atakataa. Mwacheni akatae. Mwenye kalamu hapa ni mimi, ingawa shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, hilo hatujakubaliana mpaka leo.

Kazi ya Dahi ni matenga. Hukaa chini nje ya mlango wake, miguu kainyoosha, pongoo za mtende, ile mifupa ya makuti, zimemzunguka, anatoboa na kuchomeka, anatoboa na kuchomeka, mpaka tenga linasimama. Hakuna nyanya iliyotoka Barakat kwenda sokoni Minya bila kukalia kazi ya mikono yake. Ana masikio makubwa na maneno machache.

Alipokuwa jeshini aliwekwa lindo kando ya uwanja ambako maofisa walicheza hoki. Akasimama pale na bunduki yake akicheka peke yake, mpaka akaadhibiwa. Angeachaje kucheka? Kwetu, kila Ramadhani, toka alasiri mpaka adhana ya magharibi, wanaume wote huuma pindo la kanzu kwa meno na kugombania mpira wa nyuzi za mtende kwa fimbo za mtende zilizopindwa motoni. Baba zetu walicheza hivyo, na babu zao.

"Shemeji," aliniambia siku aliyorudi, "wamechukua mchezo wetu wakaunyoa ndevu."

"Basi?"

"Basi nataka tuwafuate hukohuko. Tuwe na timu. Tuingie ligi ya mkoa."

Nikamwambia ni wazo zuri na kwamba nililiwaza kabla yake.

Akakusanya watu kumi na mmoja: wachimba mifereji, wakata miwa, kinyozi, mimi. Uwanja ulikuwa mmoja tu kijijini uliosawazika, ule wa kupuria ngano, mali ya Hajjati Tafida, ambaye ngano ikiisha huanika mahindi pale. Dahi alimwendea na tenga jipya mkononi.

"Tenga nalichukua," alisema Hajjati, "na uwanja nakukopesha. Wakiwapokea kwenye ligi, ni wenu mpaka nife. Wakiwakataa, nayarudisha mahindi yangu, na sitaki kuona mguu wa mtu."

"Hajjati, umri mrefu."

"Usiniombee umri, niombee mvua ya akili iwanyeshee hao vijana wako wenye mvi."

Chama cha hoki cha mkoa kikatuletea fimbo za kuazima na mtu wa kutupima, Ustadh Labib, mwalimu wa michezo wa mjini. Alikuja na timu ya mjini, vijana wenye soksi. Sisi tukauma kanzu zetu, tukaingia.

Hapa nieleze jambo moja, maana wajuaji wa mjini walitucheka. Fimbo yetu ya mtende ni mviringo pande zote. Unapiga kwa upande wowote utakaokuangukia. Fimbo yao ina uso, upande bapa, na ina mgongo, upande wa mviringo. Kupiga kwa mgongo ni kosa. Sasa mwambie mtu aliyepiga pande zote kwa miaka arobaini! Ustadh Labib alipuliza filimbi mara arobaini na moja. Midomo ikamvimba kama aliyeumwa na nyuki.

"Jamani," alisema, "mmelogwa? Fimbo ina mgongo!"

"Ustadh," alijibu kinyozi, "hata mimi ninao, na hakuna aliyeniambia ni kosa."

Ustadh akacheka, lakini karatasi yake haikucheka. Akamvuta Dahi pembeni. Nami nilikuwepo, kwa sababu huwa nipo.

"Dahi, mnakimbia kuliko watu wangu. Nitarudi mara moja tu, siku ya tatu baada ya Idi. Magoli sitayahesabu. Nitahesabu makosa ya mgongo. Yakiwa matano, mmeingia. Yakiwa sita, endeleeni na Ramadhani yenu."

Hajjati Tafida alikuwa juu ya paa lake, na masikio yake ni makali kuliko ya Dahi. "Matano!" alipaza sauti. "Mahindi yangu yanasikia!"

Dahi hakulala vizuri wiki ile. Dada yangu alinieleza: alikuwa akigeuza mwiko jikoni, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Alitukaripia mazoezini, tukaitikia, tukapiga kwa mgongo. Nikamshauri atufunge kamba. Akanitazama, akarudi kwenye pongoo zake.

Ramadhani ilipoandama, kila mwanaume wa Barakat alipeleka fimbo yake kwa Dahi ikarekebishwe, kama kila mwaka. Mwaka huo zilirudi zimechongwa upande mmoja, bapa kama kibao cha mkate. Zote. Hata ya imamu.

"Umeharibu fimbo ya marehemu baba!" nilimwambia.

"Nimeipa uso," alisema. "Na kuna sheria mpya. Atakayepiga kwa mgongo, jioni yake atashika birika la ukwaju, awanyweshe watu wote kabla hajalowesha koo lake."

Watu wakaguna. Lakini nani atasema hapana, na kunywesha waliofunga kuna thawabu? Alitubana na dini, yule fundi wa matenga.

Na mwamuzi alijitokeza mwenyewe. Kutoka paani, kila alasiri, ilisikika: "Mgongo! Wewe, kinyozi! Mgongo!" Hajjati, aliyetaka uwanja wake urudi, hakumwachia mtu hata nusu kosa. "Mimi si mwizi," alisema. "Mahindi yangu yakirudi, yarudi kwa haki."

Siku ya kwanza tulishika birika watu ishirini na tisa, mpaka wanyweshaji wakawa wengi kuliko wanyweshwaji. Wiki ya pili tukawa saba. Mimi nilinywesha jioni tisa, na ninaweza kusema bila majivuno kwamba hakuna aliyemimina ukwaju vizuri kama mimi. Jioni mbili za mwisho birika lilikaa chini bila mtu. Tukatazamana. Dahi akaliinua mwenyewe, akatunywesha sote huku masikio yamemwiva kwa furaha.

Siku ya tatu baada ya Idi kijiji kizima kilikaa juu ya kuta, na keki za Idi mifukoni. Ustadh Labib akapuliza. Kipindi cha kwanza tulifanya makosa mawili. La tatu lilikuwa langu, lakini lilikuwa zuri. Kinyozi akafanya la nne. Mkata miwa mmoja akafanya la tano, akakaa chini uwanjani akajipiga kofi.

Tulikuwa tumefungwa mbili kwa moja. Zimebaki dakika mbili. Nikautoa mpira nyuma, pasi ambayo itasimuliwa, ukamfikia Dahi peke yake mbele ya goli. Kipa alikuwa ameanguka. Lakini mpira ulikuja kushoto kwake. Kuupiga pale pale ni kwa mgongo tu, maana kugeuza fimbo ni ufundi ambao hatukuwa tumeufikia. Mkono wake ukanyanyuka kama ulivyonyanyuka miaka yote. Juu ya paa Hajjati akafungua kinywa: "Mgo—"

Mkono ukasimama hewani. Dahi akaanza kuuzunguka mpira. Polepole, hatua ndogo ndogo, kama mtu anayetafuta kiatu chake mlangoni mwa msikiti. Kijana wa mjini akaja, akauchukua bila hata haraka, akaondoka nao. Filimbi ya mwisho ikalia.

Tulishindwa. Na nyie hamjaona watu walioshindwa wakibebana hivyo! Ngoma zikatoka, vigelegele vikatoka, punda wakakimbia. Kapteni wa mjini alimuuliza Ustadh, "Hawa hawajui kuhesabu?"

"Wanajua," alisema Ustadh Labib, akiandika. "Tano. Wameingia."

Hajjati alishuka kutoka paani, mara ya kwanza tangu mwezi uandame, akasimama mbele ya Dahi.

"Ungefunga, mjinga wewe."

"Ningefunga, Hajjati."

"Haya. Nitengenezee matenga sita, mahindi nitayaweka paani. Lakini hukohuko paani nami nabakiza pembe moja ya kukaa. Bila mimi mtarudia yaleyale."

Matenga aliyapata kesho yake. Na kiti cha pongoo Dahi alimwongezea bila kuombwa. Huko paani ndiko Hajjati anakokaa mpaka leo, na Ijumaa iliyopita, mbele ya timu tatu za ligi, alinipigia kelele mara mbili. Alikosea mara zote mbili, lakini birika nilishika.