Kutoka Kwenye Figo Hadi Kwenye Ua

Wasomaji mlionizoea mnajua kwamba safu hii si ya kulia. Wiki hii mtanivumilia. Alhamisi asubuhi nilikuwa soko la Songea nachagua maharage, mwanamke mmoja muuza mitumba akaziacha nguo zake akanifuata. "Shikamoo, mwalimu. Umesikia? Nesi ametutoka. Wamemzika jana kwao Namasakata, huko Tunduru." Nikaitikia marahaba, nikasema yale ambayo kila mtu huyasema, kisha nikaendelea kuchagua maharage kana kwamba nimeambiwa mvua imenyesha Tunduru. Nilikuwa natupa yaliyo mazima na kubakiza yaliyotobolewa. Mwenye maharage akaniuliza kama naumwa, nikamjibu kwamba siumwi. Uongo huwa unanijia haraka, na sababu ya kuandika leo ni hiyo.

Kabla sijashika kalamu nilikuwa mwalimu wa baiolojia kwenye shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji, na Nesi alikuwa muuguzi wa shule hiyo. Alikuwa Myao, mtu wa swala tano, mfupi, na sauti yake ilisikika kutoka zahanati hadi bwaloni. Miongoni mwa kazi zake ilikuwamo moja ambayo hakuna aliyemwonea wivu. Kila muhula ulipofunguliwa, wasichana walipangwa mstari nje ya stoo ya majembe, wakaingia mmoja mmoja, wakalala juu ya benchi, naye akawaminya matumbo. Baadaye daftari la majibu lilipelekwa kwa mkuu wa shule. Wavulana muda huo walikuwa uwanjani wanapiga mpira. Sote tuliona ni utaratibu mzuri. Shule yetu ilijua sana kupima mimba, ila haikuwa na mtu wa kuwaambia watoto inaingiaje.

Mtu huyo nilitakiwa niwe mimi. Nilikuwa kijana, mtoto wa katekista, nimelelewa kwenye nyumba ambayo hata neno "kubalehe" lilitajwa kwa kukohoa. Kwa hiyo nilibuni njia yangu. Nilifundisha mmeng'enyo wa chakula, moyo, mapafu, nikafika kwenye figo, na kutoka kwenye figo nikaruka moja kwa moja hadi kwenye ua. Ua nililifundisha vizuri mno! Nilichuma haibiskasi kwenye uzio wa ofisi, nikalipasua kwa wembe, nikawaonyesha chavua, ovari na mayai yake, nikawaambia nyuki anafanya nini. Sura ya binadamu niliiacha kwa maneno matatu: "Hiyo mtajisomea wenyewe." Vitabu vilikuwa vinne kwa darasa zima, na kwenye vitatu kurasa hizo zilikwishachanwa.

Nesi alijua. Alikuwa akipita dirishani kwangu kwenda zahanati, na mwaka wa pili akashindwa kuvumilia. Akanikuta mlangoni na ua langu mkononi. "Mwalimu, hili ua limekukosea nini? Unalivua nguo mbele ya watoto, unalitaja kila kiungo, halafu ukifika kwa binadamu unashikwa na haya?" Nikacheka. Yeye hakucheka. "Kule kwetu mtoto wa kike akivunja ungo anafundwa. Mnaweza kutucheka sisi watu wa unyago, lakini hatoki mle hajui mwili wake. Ninyi mmemtoa kwetu, mmemleta huku kwenye elimu, halafu mmekaa kimya. Sasa afundwe na nani?" Nikamwambia sura hiyo itafika. Tangu siku hiyo kila tulipokutana salamu yake ilikuwa moja: "Mwalimu, mmefika wapi kwenye kitabu?"

Ilikuwa miaka ile ambayo ushirika ulianza kulegea na wanunuzi binafsi wa mahindi wakaruhusiwa. Malori yaliingia hadi kijijini Maposeni, mlangoni kwa mkulima, na pamoja na malori wakaja wanaume wenye saa za kung'aa na maneno matamu. Kulikuwa na msichana wa kidato cha nne kutoka upande huo, mtoto wa mjane. Kwenye mtihani wa ua aliwashinda wote, wavulana kwa wasichana. Likizo ilipoisha akarudi shuleni, akalala kwenye benchi la Nesi, na Nesi alipomminya akarudia mara ya pili. Msichana akamuuliza, "Nesi, nina minyoo?" Hakuwa anajifanya. Nesi aliniambia mwenyewe jioni hiyo hiyo, na machozi yalikuwa yanamtiririka. Mnunuzi wa mahindi alikuwa amemwambia mtoto yule kwamba mara moja haishiki, naye hakuwa na neno la mtu mwingine la kulilinganisha na hilo.

Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi miwili. Nesi akaandika kwenye daftari kwamba msichana ni mzima. Hakuwa anataka kuidanganya serikali. Alitaka mtoto wa mjane akae kwenye kiti chake, ajibu maswali yake, ndipo aende nyumbani na cheti. Wiki ya tatu mwalimu wa zamu akamwona msichana anatapika bombani, mambo yakafumuka. Tukaitwa ofisini kwa mkuu: msichana, Nesi na mimi. Mkuu akamuuliza msichana kwa nini aliifanyia shule kitendo kile. Akajibu kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa sakafuni, "Sikujua, mwalimu. Sisi tulisoma ua tu." Nesi akadakia palepale. "Mkuu, mtoto huyu hakufundishwa. Kosa ni letu pia. Mwache afanye mtihani." Mkuu alikuwa mkali, lakini hakuwa na roho mbaya. Alilifungua daftari, akalifunga, nami nadhani hadi leo kwamba alikuwa anatafuta mlango wa kumsaidia. Akanigeukia. "Mwalimu, ulifundisha au hukufundisha?"

Mkaguzi alikuwa anatarajiwa mwezi ule, na jina langu lilikuwa limependekezwa kupandishwa cheo. Nikasema, "Nilifundisha, mkuu. Atakuwa hakusikiliza."

Msichana alifukuzwa siku hiyo hiyo. Nesi aliachishwa kazi mwisho wa mwezi kwa kuandika uongo kwenye daftari la shule. Mimi niliyeusema uongo nikapanda cheo. Nilikutana na msichana getini, sanduku la bati kichwani, na kama ilivyokuwa desturi yake akapiga goti kidogo, kwa shida kwa sababu ya lile sanduku, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Ningefurahi kama angenitukana.

Aibu yangu ilikuja kuisha, ila msinipongeze. Zilipoingia zama za tuisheni, wazazi wenye uwezo wakawa wanawaleta watoto wao sebuleni kwangu jioni, na swali la uzazi wa binadamu lilikuwa halikosekani kwenye mtihani. Nikafundisha sura nzima kwa michoro ya rangi, bila kukohoa hata mara moja. Nilichoshindwa kuwapa watoto wa wakulima darasani niliwauzia watoto wa mjini. Nesi wakati huo alikuwa ameajiriwa kwenye duka la dawa baridi karibu na stendi. Wasichana wa shule walikuwa wakienda pale kununua Panadoli wasizozihitaji, wakisubiri wateja wapungue wamuulize maswali yao, naye aliwajibu yote, huku akiwakaripia. Hakuwahi kumwambia mtu nilichosema ofisini. Alikuwa akiniona upande wa pili wa barabara na kuniuliza kwa ile sauti yake, watu wote wakisikia: "Mwalimu, mmefika wapi kwenye kitabu?" Watu walidhani ni utani wetu. Mimi nilikuwa nikibadilisha njia.

Narudi sokoni Alhamisi. Yule muuza mitumba hakuondoka. Mmekwisha kumjua ni nani. "Mwanangu yule, yule yule, sasa yuko kidato cha tatu," akaniambia. "Juzi nimefungua daftari lake la baiolojia. Limetoka kwenye figo, likaingia kwenye ua." Nikamwambia amlete kwangu Jumamosi, nitamfundisha bure. Akanitazama. "Nilikuwa nampeleka kwa Nesi," akasema. Kisha, bila hasira, kama mtu anayerudisha kitu alichokaa nacho miaka kumi na sita: "Mwalimu, siku ile nilikuwa nimesikiliza. Wewe ndiye hukufundisha."

"Sikufundisha," nikasema. Neno moja hilo, lingesemwa ofisini kwa mkuu, huenda lingemwokoa yeye, na Nesi angekufa akiwa na kiinua mgongo na heshima yake. Mimi nimelisema mbele ya gunia la maharage, siku moja baada ya mazishi. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye nguo zake. Jumamosi imepita, na mtoto hakuletwa.

Walimu wenzangu, na wazazi mnaokohoa, sura mnayoiruka haikosi mwalimu. Yupo atakayeifundisha, na ana lori na maneno matamu, na yeye haoni haya. Nesi aliniuliza swali moja miaka yote hiyo nami nikawa nalikimbia. Leo namjibu, ingawa hasikii. Hatujafika popote, Nesi. Bado tuko kwenye ua.