Mwanamke Anayedai Sekunde Arobaini kwa Ajili ya Joka

Saa tatu na dakika tano asubuhi, kabla hata hajavua koti, Pyo Yeon-suk anawasha kompyuta yake na kutazama kama Suni amepona usiku. Hajapona. Tangu saa kumi na moja jana jioni ameibuka ziwani mara nane na ameuawa mara nane. Yeon-suk anaandika namba hiyo kwenye daftari lenye jalada la kijani, anafunga, kisha ndiyo anavua koti.

Ana miaka arobaini na tisa. Kazi yake ni kuandika maneno ya mchezo wa kompyuta: salamu za wauza mboga wa kwenye mchezo, mashairi ya makaburini, vitisho vya majini. Amekaa dawati hilohilo, ghorofa ya saba ya jengo la vioo hapa Pangyo, mtaa wa kampuni za kompyuta, kwa miaka kumi na tisa. Enzi za kukimbizana na siku za kutoa mchezo alilala chini ya dawati hilo wiki nzima, na mgongo wake mpaka leo haujasahau.

Suni ndiye mtoto wake wa kwanza pale kazini. Ni imugi, yule nyoka mkubwa anayekaa majini miaka elfu moja akingoja kuwa joka la mvua na kupaa. Kila mtoto aliyelelewa na bibi katika nchi hii anajua sharti lake. Siku akiibuka, mtu wa kwanza kumwona akisema "joka", anapaa. Akisema "nyoka", anazama tena miaka elfu.

Basi Yeon-suk alimwandika hivyohivyo. Kila baada ya saa mbili Suni anatoa kichwa katika Ziwa Jeusi, anamtazama aliyesimama ukingoni na kuuliza: "Wewe uliyekuja, unaniona mimi ni nani?" Nyuma ya swali hilo kuna mistari mia mbili na kumi na mbili ya maneno yake mwenyewe: alivyohesabu mawe ya chini ya ziwa, alivyojifunza kuwatambua samaki wazee kwa makovu yao, alivyosahau sauti yake inavyosikika.

Hakuna aliyeisoma. Wachezaji wanabonyeza kitufe cha kuruka maneno, wanachomoa panga, na kwa wastani Suni anaishi sekunde sita. Magamba yake yanatengenezwa ngao, meno yake mikuki. Wamembatiza jina la Friji, kwa sababu unafungua, unachukua ulichofuata, unaondoka. "Saa nne tukafungue friji," ndivyo wanavyoitana. Mimi mwandishi wa habari ninayeandika makala haya nilikuwa mmoja wao nilipokuwa chuoni, na ngao yangu ilikuwa nzuri sana.

"Usinitazame kwa huruma," Yeon-suk ananiambia siku ya kwanza tunakutana, akimenya chungwa. "Mimi sina huzuni. Mimi nina hasira. Mwenye huzuni analala. Mimi silali."

Hasira yake ya kwanza anajielekezea mwenyewe. Ni yeye aliyeamua, mwaka ule wa mwanzo, kwamba jibu la "joka" lisitokee kwenye skrini mpaka mchezaji akae sekunde arobaini bila kumgusa Suni. Aliona ni haki. Mtu akingojewa miaka elfu, na yeye angoje sekunde arobaini.

Sekunde arobaini, kwa sisi. Sisi tunaobonyeza kitufe cha kufunga mlango wa lifti kabla mguu wa pili haujaingia. Sisi tunaosimama ndani ya basi kabla halijafika kituoni, tunaoitisha chakula na kumpigia mleta chakula akiwa bado ngazini. Msanifu mwenzake alimwonya kwamba hata sekunde tano ni nyingi. Yeye akashikilia msimamo wake.

"Nilidhani nawafundisha adabu," anasema. "Kumbe nilimfungia mlango."

Kuna kisa nyuma ya ukaidi ule, na anakisimulia haraka, macho yakiwa kwenye maganda ya chungwa. Kijijini kwao milimani alikuwa na shangazi aliyefiwa na waume wawili. Watu wakasema ana mkosi, wakamwacha aishi peke yake mwisho wa njia. Kila akisikia hatua, shangazi alitoka getini na kuuliza, "Nani huyo?" Watoto walijibu kwa mawe na kukimbia. Yeon-suk alikuwa na miaka tisa na alirusha mawe kama wenzake. Shangazi alipokufa, ilichukua siku kumi na moja kwa mtu kufika getini pake.

Hasira ya pili ni ya mwezi huu. Tarehe thelathini Novemba mchezo wa zamani unazimwa na unahamia kwenye simu. Huko simu inapigana yenyewe. Mtu anaiwasha asubuhi, anaitia mfukoni, anakwenda kazini, na jioni anakuta magamba yameshajaa. Bosi wake, Cha Dong-uk, aliyemzidi cheo na kuzidiwa naye miaka kumi na tano, alimletea karatasi ya kusaini. Mistari yote mia mbili na kumi na mbili ifutwe. Swali lenyewe lifutwe.

Nilikuwepo walipozungumza mara ya pili, kwenye kona ya mashine ya kahawa. Bosi Cha si mtu mbaya. Alimmiminia kahawa yeye kwanza, kwa mikono miwili.

"Dada Pyo, nielewe. Nani atasoma? Mchezaji hayupo. Simu iko mfukoni."

"Zamani walimuua wakiwa wanamtazama," alijibu. "Sasa anauawa na mtu aliye chooni."

"Ni joka la kwenye mchezo, dada."

"Najua ni la kwenye mchezo. Mimi ndiye niliyelitunga. Wewe ulikuwa sekondari."

Bosi Cha alicheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake. Alimpa mpaka Ijumaa saa saba mchana. Asiposaini, mtu mwingine atasaini, na dawati lake litatafutiwa matumizi mengine.

Sasa tuje kwenye lori.

Wachezaji wa hapa wakikasirishwa na kampuni hawaandiki barua. Wanachanga, wanakodi lori lenye skrini kubwa ubavuni, na lori linazunguka jengo kutwa nzima likitangaza madai yao kwa maandishi mekundu. Pangyo imeyazoea malori hayo. Nyuma ya kila lori huwa kuna maelfu ya watu. Jumatatu asubuhi lilikuja moja, likaegesha mbele ya lango, na skrini yake ilikuwa na maandishi meupe tu: "NIMEMPANDISHA MARA ISHIRINI NA MOJA. KWA NINI MNAMZAMISHA?"

Wafanyakazi walipiga picha wakacheka. Yeon-suk alipoiona namba ile dirishani alishuka mbio, kiatu kimoja kikabaki chini ya dawati.

Katika daftari lake la kijani, miongoni mwa vifo zaidi ya elfu themanini na tatu, kuna ishirini na moja vilivyokosekana. Mara ishirini na moja Suni aliibuka na hakuuawa. Mafundi walimwambia ni hitilafu ya mitambo, kwa kuwa zote zilitokea asubuhi ya mwaka mpya au asubuhi ya sikukuu ya mavuno, na siku hizo ofisini hakuna mtu. Aliamini. Kwa kila moja aliandika neno "hitilafu" kwa kalamu nyekundu.

Ndani ya lori, kando ya dereva, alikaa mzee wa miaka sitini na saba aitwaye Bong Gi-tae, fundi wa kuchomelea vyuma vya meli kutoka Geoje, aliyestaafu. Mkono wake wa kulia una vidole viwili tu. Vingine vilibaki bandarini. Hakuna aliyemchangia. Lori amelikodi peke yake.

"Mimi si mtu wa kuruka maneno," mzee Bong alinieleza. "Vidole vyenyewe viko wapi? Kabla sijakipata kitufe, alikuwa ameshaanza kuongea. Nikaona ni utovu wa adabu kumkatiza."

Na kwa nini asubuhi za sikukuu? Asubuhi hizo nchi nzima iko mbele ya meza za kuwaenzi mababu waliofariki, inainama, inapanga matunda na samaki. Ziwani hakuna mtu. Mzee Bong alitengana na mkewe zamani na binti yake hampigii simu. Hana wa kuinama naye. Kwa hiyo kwa miaka kumi na moja, kila mwaka mpya na kila sikukuu ya mavuno, amekaa ukingoni mwa Ziwa Jeusi, amengoja sekunde arobaini, na amechagua jibu: joka. Alikosa mara moja tu, alipolazwa hospitali.

"Anapaa kweli?" nilimuuliza.

"Anapaa. Mvua inanyesha ziwa zima." Kisha sura yake ikakunjamana. "Baada ya saa mbili wanamrudisha majini. Mimi nimepandisha mtu mbinguni, ninyi mnamrudisha ili mmchune. Mna akili kweli?"

Yeon-suk alikuwa amesimama kando ya lori na kiatu kimoja, ameshika mlango. Mimi nilidhani atalia. Akafungua daftari, akamwonyesha mzee kurasa zenye kalamu nyekundu. Akakata neno "hitilafu" mara ishirini na moja, moja baada ya nyingine, na pembeni ya kila moja akaandika Bong Gi-tae.

Jioni ile alifanya jambo ambalo kampuni inalikataza. Aliandika kwenye ubao wa wachezaji mtandaoni, kwa jina lake halisi. Tangazo lilikuwa fupi: Ijumaa saa sita mchana, njooni Ziwa Jeusi, panga zibaki kwenye ala, ngojeni sekunde arobaini. Mara moja, watu wengi pamoja, kabla hajazimwa. Wengi walimdhihaki. Mmoja aliuliza kama friji inagawa chakula cha mchana. Lakini wengine waliandika kwamba hawakujua kama anaongea.

Ijumaa, saa tano na nusu, Yeon-suk, mzee Bong na mimi tuliingia kwenye duka la kucheza michezo ya kompyuta kwa kulipia saa, lililo nyuma ya jengo lao. Mwenye duka alituletea tambi za kikombe. Tuliketi viti vitatu vya jirani, mimi katikati. Niliingia kwa jina langu la chuoni, na ngao yangu ya magamba ilikuwa bado mgongoni. Yeon-suk aliitazama, kisha akarudia tambi zake.

Nilimuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kungoja sekunde zile arobaini, ukingoni, kama mchezaji. Aliweka vijiti vyake juu ya kikombe.

"Sijawahi. Miaka kumi na tisa. Nilijaribu mitambo ofisini, nikaharakisha saa. Siku zote nilikuwa na haraka."

Ziwani walikuwa wamefika watu themanini na wanne. Nilikuwa sijawahi kuona umati pale bila upanga hata mmoja. Saa sita kamili maji yalipasuka na Suni akatoa kichwa, akauliza swali lake. Hakuna aliyegusa kitu. Sekunde ya kumi. Akaanza kusema habari za mawe. Sekunde ya ishirini. Mzee Bong alikuwa anayasema maneno pamoja naye, kwa sauti ya chini, bila kukosea. Yeon-suk alikuwa ameziba mdomo. Sekunde ya thelathini, Suni alianza mstari wa samaki wenye makovu na akanigeuzia shingo yake, mahali palepale pasipo na gamba, mahali ambapo kila aliyewahi kumwinda anapajua.

Sekunde ya thelathini na tatu mkono wangu ulibonyeza.

Sikuamua. Nasema kweli, sikuamua. Upanga ulitoka, akaumia, na mitambo inajua jambo moja tu: akiguswa, mazungumzo yamekufa. Wengine wakaona damu, na mazoea yakawazidi nguvu. Baada ya sekunde sita hakukuwa na Suni, na begi langu lilikuwa na gamba jipya.

"Nani?" Yeon-suk aliuliza. Alisimama akauliza duka zima. "Nani huyo?"

Nikasema ni mimi.

Alinitazama muda mrefu. Nimetukanwa na mawaziri na wenye magari makubwa, ni sehemu ya kazi hii. Haikuwahi kuniuma hivi.

"Siku tano umekaa nami," alisema. "Umekula machungwa yangu. Umeandika kila kitu. Umeandika mpaka shangazi. Na bado umempiga."

Saa ya ukutani ilisoma saa sita na dakika mbili, na karatasi ya Bosi Cha ilikuwa inamngoja mezani mpaka saa saba. Alichukua koti lake. Nilidhani ndio mwisho wa makala, na kwamba nimeyaharibu kwa mkono wangu.

Mzee Bong hakuinuka. Alivuta kiti cha Yeon-suk kwa vile vidole viwili na kukirudisha mahali pake.

"Kaa, binti yangu. Saa nane anarudi. Yeye amezoea kungoja. Tuzoee na sisi."

Yeon-suk alisimama na koti mkononi. Kisha akatoa simu, akampigia Bosi Cha na kumwambia kwamba hatasaini, leo wala Jumatatu. Akamwambia pia kwamba atakuwa ziwani saa nane, na saa kumi, na kila baada ya saa mbili mpaka tarehe thelathini, na kama dawati linahitajika wamletee tu chungwa lililobaki kwenye droo. Akakata simu. Kwenye ubao wa wachezaji akaandika: saa nane, tunarudia.

Akaketi. Akachomoa kipanya changu, akakizungushia waya wake, akakiweka mapajani mwa mzee Bong. Akasogeza kibodi yangu mpaka mwisho wa meza.

"Mikono juu ya mapaja," akaniambia. "Wewe leo unasikiliza tu."

Nikaweka mikono juu ya mapaja. Zilikuwa zimebaki saa moja na dakika hamsini kabla Suni hajaibuka tena.