Mguu wa Delphia

Wifi yangu Delphia Cogar si mtu mpole, na sitampamba hapa kama watu wanavyopamba marehemu, maana bado yu hai na bado anamaliza sahani ya maharage na mkate wa mahindi kunishinda mimi.

Alikuwa mpishi wa shule hapa bondeni mpaka shule ikafungwa. Baada ya hapo akamuuguza kaka yangu Okey, mumewe, ambaye mapafu yake yaliliwa na vumbi la makaa ya mawe. Siku ambazo Okey hakuweza hata kuketi, Delphia alimpigia fidla kando ya kitanda, naye Okey alipiga banjo ya hewani kwa vidole juu ya blanketi. Alipofariki, banjo yake ikaja kwangu, na kiti chake pia. Kila Alhamisi jioni, kwenye ukumbi wa zamani wa zimamoto, nakaa goti kwa goti na Delphia.

Duara letu la wapigaji halina kiongozi wala karatasi za muziki, na anayetaka kujionyesha aende kwenye mashindano. Aliyeanzisha wimbo ndiye mwenye wimbo. Tunauzungusha, unarudi mwanzo, tunauzungusha tena, hadi mwenyewe ainue mguu. Hapo tunajua mzunguko ule ndio wa mwisho, na tunakata pamoja. Mguu wa mtu mwingine hauinuki. Kuinua mguu kwenye wimbo wa mwenzako ni kama kumwondoa mgeni mezani na kijiko chake kingali mkononi.

Kuna wakati mzee Verlin Tackett, aliyewafundisha fidla nusu ya watu wa bonde hili, alianza kusahau mguu. Nyimbo zake zikawa hazina mwisho. Sote tulimwonea haya, tukavumilia. Delphia hakuwa na simile.

"Mjomba Verlin," alimwambia mbele ya watu, "asiyejua kumaliza asianzishe. Weka fidla sandukuni, usikilize tu."

Verlin aliiweka. Alikuja kusikiliza Alhamisi chache, kisha hakuja tena, na mara iliyofuata tulipompigia muziki alikuwa ndani ya jeneza. Nilimtolea Delphia uvivu siku ile ya maziko, ndani ya gari.

"Umemvunja mzee wa watu."

"Nimemsitiri," akajibu. "Ulitaka watu wamcheke? Na mimi siku yangu ikifika, uniambie vivyo hivyo. Nikiweza kumaliza nyimbo zangu, nakuja. Nikishindwa, sandukuni. Umesikia, wifi?"

"Nimesikia."

"Usije ukanionea huruma. Nakujua wewe, moyo wako siagi."

Majira haya ya baridi nilikuta sufuria tupu inaungua jikoni kwake. Mara mbili tatu aliniita kwa jina la mama yangu. Mficha maradhi kifo humwumbua, lakini Delphia hakuficha kitu; maradhi yalijificha yenyewe nyuma ya fidla. Akishika upinde, kila kitu kilirudi mahali pake, hata ulimi wake mkali. Nilijua nyumba yake imeshamchanganya, na jiko, na tarehe. Kilichobaki ni kile kiti cha Alhamisi. Akinyang'anywa hicho atakaa nyumbani kama Verlin, na nilijua mwisho wa Verlin. Niliogopa sana.

Alhamisi iliyopita mvua ya barafu ilinyesha na tulikuwa wachache. Delphia alianzisha wimbo wa baba yake, Maji Yamefika Mlangoni, wimbo uliopinda, wenye mapigo ya ziada ambayo mgeni lazima ajikwae. Aliupiga vizuri mno. Tulizunguka, tukazunguka. Rhoda, mpiga gita wetu, akaanza kukitazama kiatu cha Delphia, kile cha kahawia chenye kamba ndefu. Kiatu kilibaki sakafuni.

Tukazunguka tena. Mpiga besi alibadilisha vidole kwa maumivu. Kahawa ikapoa kwenye vikombe. Kisha wote wakaacha kukitazama kiatu, wakanitazama mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua mguu wangu tu. Delphia alikuwa amefumba macho, anatabasamu kidogo, na sijui alikuwa wapi; labda kando ya kile kitanda. Sikuuinua.

Mwishowe upinde ulimponyoka. Aliacha kupiga katikati ya wimbo, nasi tukaangukia njiani mmoja mmoja.

"Nani alianzisha wimbo huu?" Delphia aliuliza, akipangusa shingo.

Rhoda aliinamia gita lake.

"Si nauliza? Mkono wangu umekufa ganzi! Nani?"

"Mimi," nikasema. "Ni mimi, wifi."

"Wewe Icie? Mwanamke mzima! Mguu wako umeota mizizi?"

"Nilisahau."

"Alisahau!" Aliwageukia wenzetu apate wa kucheka naye, lakini hakuna aliyecheka. Akanitazama vizuri. Ukali ukamtoka usoni, ikaingia huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonimaliza. Aliniinamia, akasema kwa sauti ya chini kuliko ile aliyomtolea Verlin:

"Asiyejua kumaliza asianzishe. Weka banjo sandukuni, mpenzi. Usikilize tu. Si aibu. Hata Okey angekuambia hivyo."

Ningeweza kubisha. Nilizifuta nyuzi kwa kitambaa cha Okey, nikailaza banjo, nikafunga vifungo vya sanduku. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Delphia alinipigapiga gotini, akidhani naililia banjo. Sehemu moja ya machozi ilikuwa ya banjo kweli.

"Haya, tusikae kama tuko matangani," akasema. "Nani ana wimbo?"

Watu walianza kukaza nyuzi zilizokwisha kukazwa.

"Basi naanzisha mimi."

Akaiegemeza fidla kifuani, akafumba macho, akaanza Maji Yamefika Mlangoni. Gita likaingia, besi ikafuata. Mimi nilibaki mikono mitupu, goti kwa goti naye, nikikitazama kiatu chake cha kahawia.