Nyasi za kaburi la kaka yake Afande

Leo mimi, bingwa wa nyasi kutoka Jinja mpaka Mbale, nimekosa maneno!

Afande mmoja mzee wa Malukhu, hapa Mbale, kaniita asubuhi. Nyasi za kaburi la kaka yake, aliyekufa vitani, zinakauka kwa mabaka ya mviringo.

"Jirani amemwaga sumu!" akasema tulipofika kaburini.

Nikainama. Kwenye umande nikaona utando mweupe, kama wa buibui.

"Huu ni ukungu, Afande. Unamwagilia saa ngapi?"

"Kila jioni."

"Ndio kosa! Nyasi zinalala na maji. Mwagilia asubuhi, jua lizikaushe."

Akalitazama kaburi.

"Jioni ndio naongea na yeye, bwana."

Jamani! Mdomo wangu huu wote ukakwama.

"Basi jioni njoo na kiti tu, Afande. Maongezi hayaozeshi nyasi."

Akacheka mpaka akafuta macho.

Na mimi nilifuta. Msimwambie mtu.