Kapeti Lililopata Joto

Chwap. Chwap. Hiyo ndiyo sauti ya kapeti la bibi yangu baada ya mafuriko, kila ulipolikanyaga, kama lina kitu mdomoni linakitafuna taratibu. Juzi mvua ilinyesha hapa saluni kwetu Mlabani, mteja akakanyaga tambara la mlangoni lililolowa, nikaisikia tena. Nilisimama na kitana mkononi mpaka mteja akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikacheka. Mimi ni mtu wa kucheka, rafiki yangu, lakini hii acha nikusimulie polepole.

Utotoni tulikaa mtaa wa Lipangalala, mimi na bibi, wawili tu. Kapeti lilikuwa jekundu, maua ya njano, limejaa sebule ukuta kwa ukuta. Mama yangu alilituma kwa basi kutoka Dar es Salaam, likafika limeviringishwa na kufungwa kamba. Miezi michache baadaye akaletwa yeye mwenyewe, kuzikwa. Nilikuwa mdogo, sura yake siikumbuki. Nilichokuwa nacho ni kapeti. Hata mchungaji akija kusali alivua viatu.

Masika nilipokuwa darasa la nne, maji yaliingia ndani bila kelele. Yalikaa siku mbili, yakaondoka, kapeti likabaki limekunywa ya kwake, zito, bibi na mimi hatukuweza kulinyanyua. Ndipo harufu ikaanza. Ilikuwa kama wali uliosahauliwa kwenye sufuria, uchanganye na matope ya mtoni. Ikaingia kwenye sare za shule, kwenye madaftari, mpaka kwenye chai. Bibi alisugua kwa sabuni ya unga, akakamulia malimao, akapanga vipande vya mkaa kwenye masinia kila kona. Jua halikutoka. Asubuhi harufu ilitulia, jioni ikarudi na nguvu zaidi.

Dawa tuliletewa na jirani, mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akifagia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alifika mlangoni akashika pua.

"Mama, kwa harufu hii hata panya watahama wakapange chumba kule Katindiuka."

Bibi akamjibu kwamba wakihama aende nao, awapikie. Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Kisha jirani akaeleza kuwa kule mashineni sakafu ikilowa wanamwaga pumba, zinanyonya maji yote. Siku hiyo hiyo tukaleta viroba sita. Watatu tukalikunja kapeti upande mmoja mmoja, tukatandaza pumba chini yake, nene kama godoro.

Kesho yake harufu ilipungua kweli. Bibi akapika wali na perege kusherehekea. Siku ya tatu nikakanyaga, nikaruka. Kapeti lilikuwa la moto. Siyo moto wa jua, moto wa paji la uso la mtu mwenye malaria. Nikawaza kuna kiboko amebaki chini yake tangu mafuriko, amelala, anapumua. Bibi, ambaye miguu ilimsumbua tangu masika ianze, alifurahi sana. Mchana akajilaza pale, kichwa karibu na dirisha, akafumba macho.

"Mama yako ananikanda miguu," akasema.

Tangu hapo hakulala tena kitandani. Kikohozi kilianza kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kikazidi. Siku moja yeye akiwa bafuni nilifunua kona. Mvuke ukanipiga usoni, na chini pumba zilikuwa zinaoza na kutoa joto, zimeshikana, nyeupe, zimeota manyoya ya ukungu. Nikamwambia. Akanyoosha kidole kwenye kona iliyofunuka.

"Usiguse kapeti la mama yako."

Nikafunika.

Wiki ile ile, asubuhi, pumzi zake zikaanza kupiga filimbi. Jirani akampakia kwenye bajaji kwenda hospitali, mimi pembeni nimemshika mkono. Daktari akauliza analala wapi. Bibi, sauti ikikatika, akajibu kitandani, huku amenikazia macho. Daktari akainusa kanga yake, akasema akirudi kulala kwenye ukungu na unyevu, kifua kile hakitastahimili mara ya pili. Bibi akalazwa. Mimi nikatumwa nyumbani kuleta kanga zake.

Bibi alipona. Aliporudi na kukuta sementi tupu aliniambia nimpikie uji. Hakuniuliza, siku ile wala miaka saba iliyofuata, mpaka na yeye akaenda. Nyumba ile sasa ina watu wengine, sakafu ya vigae, inanukia sabuni. Mwaka huu nilipita, nikavuta pumzi mlangoni pa watu kama mwizi. Hakuna kitu. Harufu ile ilitaka kuniulia bibi, na bado naitafuta.

Siku ile ya hospitali, nilipofika nyumbani peke yangu, kanga sikuzigusa kwanza. Nilichukua mundu wa kuvunia mpunga, nikakata kapeti vipande vipande kuanzia mlangoni, nikaviburuta na pumba zake mpaka shimo la taka. Nililia, ila sikuacha kukata. Kipande cha mwisho kilikuwa cha dirishani, pale alipokuwa akiweka kichwa. Kilikuwa bado cha moto. Nikakaa sakafuni nikakipakata mpaka kikapoa. Kisha nikakitoa nje.