Darasa la Sita Lilipoichunguza India

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Sikonge, Mwalimu Mkuu alinikabidhi boksi la chaki, daftari la mahudhurio na fimbo. Kisha akanionyesha kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, ndiyo kengele yetu.

"Mtoto akikuuliza jambo usilolijua," aliniambia, "toka nje ugonge kengele ya mapumziko. Mwalimu hasemi sijui."

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, mtoto wa wakulima wa Kanisa la Moraviani, na shikamoo za darasa zima zilinivimbisha kichwa. Agizo lake nililifuata miaka minne.

Ualimu wa wakati ule ulikuwa kazi ya vitabu vitatu. Cha kwanza kilikuwa azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima. Cha pili ni andalio la somo, uliloliandika kila jioni kueleza kesho utafundisha nini na kwa dakika ngapi. Cha tatu kilikaa ofisini, kitabu cha kumbukumbu za shule, na humo Mkaguzi aliandika kwa wino mwekundu yote aliyoyaona. Mkaguzi wetu alikuwa Mwingereza mrefu mwenye sauti ya upole. Upole huo ndio tuliouogopa.

Mwaka wa tano niliitwa Tabora kwa kozi fupi. Mkufunzi, naye Mwingereza, alitufundisha njia mpya aliyoiita uchunguzi wa wanafunzi: darasa huchagua jambo, watoto hutunga maswali wenyewe, na wenyewe huwatafuta watu wa kuwajibu. Mwalimu hukaa kando.

"Wape nafasi," alisema, "halafu funga mdomo. Hilo la pili ndilo gumu."

Baada ya kozi nikapangiwa shule moja ya kati, si mbali na stesheni ya Igalula, nifundishe jiografia darasa la sita. Niliwaambia watoto tuchague nchi ya kigeni. Mimi nilitaka Uholanzi, kwa kuwa kitabu chetu kilikuwa na picha zake. Tatu, binti wa mrina asali, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, Uholanzi tutamwuliza nani? Wa kuwauliza habari za India tunao."

Alisema kweli. Mwenye duka pale stesheni alizaliwa huko, na kijiji cha pili kulikuwa na askari mstaafu aliyepita India akienda kupigana Burma. Basi tukachagua India. Maswali yakajaa ubao mzima. Ng'ombe wao wana nundu? Kwa nini mwenye duka hali nyama? Treni zao zinatumia kuni? Chini kabisa Tatu akaandika: Waingereza waliondokaje? India ilikuwa imejitawala miaka michache tu iliyopita. Nilishika kifutio, nikamkumbuka mkufunzi, nikakirudisha mezani.

Mwalimu wa hesabu alikuwa Maulidi, mtu wa Tabora mjini, mtoto wa fundi cherehani. Tulikaa chumba kimoja. Yeye ndiye aliyefahamiana na yule askari, akakubali kuwapeleka watoto kwake siku za Jumamosi. Alipouona ubao alicheka kidogo.

"Ndugu yangu, swali hilo la mwisho litafika bomani kabla yetu."

Nilicheka pia. Lakini binamu yake Maulidi alikuwa karani pale bomani Tabora, na maneno yale yakanikaa moyoni.

Wiki ya sita Mkaguzi alishuka kwenye treni bila taarifa, akifuatana na mtu wa koti jeusi ambaye hakutaja jina wala kazi yake. Mtu yule alikaa nyuma ya darasa akipekua madaftari ya watoto moja baada ya jingine. Walipoondoka nilikuta andalio langu, nililoliacha chini ya vitabu, liko juu. Nani alilishika? Nikaanza kufunga sanduku langu kwa kufuli. Nikakumbuka kwamba Maulidi huenda Tabora kila mwisho wa mwezi. Nikawa namtazama akiandika barua kwao, naye akiinua macho najifanya nasoma. Akinyamaza, nilisema anaficha. Akizungumza, nilisema ananichimba.

Mkaguzi alirudi baada ya siku nane, akaniita ofisini peke yangu.

"Tuna habari kwamba watoto hapa wanafundishwa siasa," alisema kwa sauti yake ileile. "Nani aliyeanza?"

Habari. Zimetoka wapi, kama si kwa binamu wa mtu? Nikajibu, "Mwalimu Maulidi ndiye anayewapeleka kwa yule askari. Wanayozungumza huko siyajui."

Kila neno lilikuwa kweli, na nililisema ili limwumize.

Maulidi aliitwa baada yangu, akakaa humo muda mrefu. Asubuhi yake alifunga mzigo kwenye baiskeli. "Nimeachishwa kazi," alisema. "Kwa heri." Hata hapo sikuamini. Nilidhani amepewa nafasi nzuri bomani, na kufukuzwa ni kisingizio tu.

Haikupita wiki, Tatu akanifuata baada ya masomo.

"Mwalimu, majibu kutoka Bombay huchukua siku ngapi?"

"Majibu gani?"

Akafungua daftari, akanionyesha nakala. Yeye na wenzake wawili, bila kuniambia, walikuwa wameandika barua kwa Kiingereza chao cha darasa la sita, kwa wanafunzi wa shule yoyote ya Bombay. Chini waliweka jina la shule yetu. Waliuliza: Waingereza mliwaambia nini hata wakaondoka? Mliwaaga? Sisi tuanzeje? Walikuwa wameitia posta wenyewe stesheni.

Nilikaa chini. Basi habari za Mkaguzi zilitoka humo: barua ile ilikuwa imefunguliwa njiani. Hakuna aliyetusaliti ila mimi.

Jumamosi nilipanda treni hadi Tabora. Nilimkuta Maulidi barazani kwa baba yake, anashona kanzu. Hakusimamisha cherehani.

"Barua walinionyesha," alisema. "Mwandiko wa Tatu nikautambua palepale. Mkaguzi akasema mtoto hawezi kutunga maneno kama yale, yuko mtu mzima nyuma yake. Angewachambua watoto mmoja mmoja mpaka ampate aliyeandika, amfukuze shule. Nikamwambia niliyewatungia maneno ni mimi."

"Maulidi, na mimi nilimwambia Mkaguzi..."

"Alinisomea." Akakata uzi kwa meno. "Tulilala chumba kimoja. Kwa nini hukuniuliza?"

Nilimwambia nitakwenda kufuta maneno yangu.

"Ukienda watarudi kwa mtoto. Nenda kafundishe."

Nikanyamaza. Muhula uliofuata Mkaguzi alinipa mkono, akaniita mwaminifu, akanipeleka Tura kuwa Mwalimu Mkuu. Nilipokea. Maulidi hakufundisha tena. Alishona mpaka alipofariki.

Sasa nimestaafu, na walimu vijana hunijia kuuliza uchunguzi ule ulifanywaje. Nawaeleza kuhusu azimio, maswali na ubao. Huwaeleza pia kwamba nilinyamaza ili kumlinda mtoto. Ila ukimya huohuo ulinipa nyumba ya bati na cheo, na mpaka leo sijiamini ninaposema niliuchagua kwa ajili ya nani.

Siku ya kuniaga, Tatu alikuja akiwa mkunga, mama wa watoto wanne. Alisimama mbele ya wageni akasema, "Mwalimu, habari ya barua yetu hukumwambia mtu. Bila wewe nisingemaliza shule. Ulitukinga." Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikaketi.

Tatu, mwanangu, aliyekukinga ni Maulidi. Kaburi lake liko Tabora mjini. Nenda ukamshukuru yeye.